Mafuta Yanayoipa Damu Umbo

Sijui takwimu za damu zinazouma kuliko zile za Musoma. Zilichapishwa mwaka 1956 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameonyesha kwamba jeni la selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria. Huko Musoma walipimwa watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kati ya watoto, 9 walikuwa wamerithi jeni hilo kwa baba na kwa mama, yaani walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kati ya watu wazima walikuwa 5. Kwa asilimia ni kushuka kutoka 3 hadi chini ya 1. Hao wasioonekana utu uzimani hawakuhamia wilaya nyingine. Walizikwa wakiwa wadogo. Wale waliorithi jeni kwa mzazi mmoja tu, hao walipanda kutoka 31 hadi 38 katika kila mia, kwa kuwa malaria ilikuwa imewapunguza wenzao wasiokuwa nalo kabisa.

Ukitoka Musoma, ukapita Bunda hadi Lamadi, kisha ukaacha barabara ya Mwanza na kushika ya Bariadi, utapita Dutwa, kata ya wakulima wa pamba na mtama katika mkoa wa Simiyu. Mipaka ya mikoa imebadilika tangu enzi za Allison, lakini damu ni ile ile. Mwaka 2020 watafiti wa hospitali ya Bugando jijini Mwanza, Emmanuela Ambrose na wenzake, walichapisha vipimo vya matone ya damu 17,200 yaliyokaushwa kwenye karatasi. Yalikuwa yamechukuliwa kwa watoto wachanga wa mikoa 9 ya kaskazini magharibi mwa Tanzania kwa ajili ya kupima VVU, nao wakayatumia tena kutafuta selimundu. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba jeni. Zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia alikuwa na ugonjwa.

Maelezo tuliyozoea kusikia ni mafupi. Himoglobini ya mgonjwa ina kasoro moja ndogo. Oksijeni ikipungua, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ndefu, nyuzi zinaisukuma seli kutoka ndani, seli inapinda, inakwama kwenye mshipa mwembamba, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Yote hayo ni kweli. Lakini yanaacha swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi. Damu ikirudi kwenye mapafu na kupata oksijeni, nyuzi zile huyeyuka. Kwa nini basi baadhi ya seli hazinyooki tena?

Mwaka 1976 Samuel Lux na wenzake nchini Marekani walichukua seli za aina hiyo, zile zilizokataa kunyooka, wakazipasua taratibu na kuzisafisha mpaka himoglobini yote ikatoka. Kilichobaki kilikuwa ganda tupu, utando wa nje wa seli pamoja na wavu wa protini unaoushikilia kwa ndani. Ganda hilo lilibaki limepinda. Nyuzi hazikuwepo tena, na himoglobini yenyewe haikuwepo. Upinde ulikuwa umehamia kwenye utando.

Utando huo una unene wa takriban nanomita 5. Ukitaka kufikisha milimita moja, utapanga tando 200,000 moja juu ya nyingine. Kwa kiasi kikubwa ni mafuta.

Tunajua umepangwaje kwa sababu ya Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel wa Leiden, waliofanya mwaka 1925 jaribio ambalo hadi leo halijapoteza utamu wake. Walichukua seli nyekundu za binadamu na za wanyama kadhaa, wakiwemo mbuzi, kondoo na mbwa, wakayatoa mafuta yake kwa asetoni, kisha wakayatandaza juu ya maji kwenye trei mpaka yakawa tabaka lenye unene wa molekuli moja tu. Wakapima eneo lake. Lilikuwa mara mbili ya eneo la uso wa seli zilizoyatoa. Maana yake ni kwamba kila seli imevikwa matabaka mawili ya mafuta, moja nje na moja ndani. Baadaye iligundulika kwamba asetoni yao haikutoa mafuta yote, na kwamba eneo la seli nalo walikuwa wamelikadiria chini ya lilivyo. Makosa hayo mawili yalifutana, na jibu likabaki sahihi.

Molekuli hizo za mafuta, fosfolipidi, zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa vinatazama nje kwenye maji ya damu na ndani kwenye maji ya seli, mikia inajificha katikati. Hadi hapo ni habari ya kitabu cha kidato cha tano. Jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka ni kwamba fosfolipidi hazifanani kwa umbo. Nyingine zina kichwa kipana sawasawa na mikia yake. Nyingine zina kichwa kidogo na mikia iliyotanuka. Nyingine zimebakiwa na mkia mmoja chini ya kichwa kikubwa. Fundi anayejengea kisima ataelewa mara moja kinachofuata: tofali zilizonyooka zinatoa ukuta ulionyooka, lakini akipewa tofali nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, ukuta utazunguka wenyewe hata kabla hajaamua. Mwaka 1976 Jacob Israelachvili, John Mitchell na Barry Ninham waliliweka wazo hilo katika hesabu. Walichukua ujazo wa mikia, wakaugawanya kwa zao la eneo la kichwa na urefu wa mikia. Jibu likikaribia 1, molekuli zinakaa vizuri kwenye tabaka bapa. Likishuka hadi karibu na theluthi moja au chini yake, zinajiviringisha kuwa vidonge vidogo vya duara. Likizidi 1, tabaka linataka kujipinda upande wa pili.

Kwa hiyo ukibadilisha aina ya mafuta katika utando, unabadilisha umbo ambalo utando unalitaka.

Seli nyekundu ya damu ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuliona hili, kwa kuwa haina kiini wala mifupa ya ndani inayokatiza katikati. Ina utando, wavu wa protini iitwayo spektrini chini ya utando, na himoglobini. Ikiwa na afya ni duara bapa lenye kibonyeo pande zote mbili, lenye upana wa mikromita 7 hadi 8. Ujazo wake ni kama mikromita za ujazo 90. Ujazo huo ungeweza kufunikwa na mpira wenye uso wa mikromita za mraba 97, lakini seli ina uso wa takriban 135. Imevikwa utando unaozidi mahitaji kwa karibu asilimia 40, na ziada hiyo ndiyo uhai wake. Inajikunja ikapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwenye bandama inapenya kwenye nyufa zenye upana wa karibu mikromita moja, na isiyoweza kujikunja hubaki pale pale na kuliwa. Seli njema hupita mtihani huo kwa muda wa siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20.

Matabaka mawili ya utando hayana mafuta ya aina moja. Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ambayo mkulima wa Dutwa ana haki ya kuisikia, kwa sababu chombo kilichotumika kilikuwa sumu ya nyoka. Sumu ya swila ina kimeng'enya cha jamii ya fosfolipezi, kinachokata mkia mmoja wa fosfolipidi. Hakipenyi ndani ya seli isiyopasuka, kwa hiyo kinakata yale tu yaliyo nje. Mwaka 1973 Arie Verkleij na wenzake wa Utrecht walitumia kimeng'enya cha swila wa Asia pamoja na vingine, wakahesabu kilichokatwa na kilichopona. Wakaona kwamba fosfatidilkolini na sfingomielini, zenye vichwa vipana, zimejaa zaidi tabaka la nje. Fosfatidilethanolamini, yenye kichwa kidogo, imejaa zaidi ndani. Na fosfatidilserini, yenye chaji hasi, iko karibu yote ndani.

Swila wa kutema mate anayepatikana katika mashamba yetu ana vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo. Vinapokata mkia mmoja, fosfolipidi inabaki na kichwa kipana na mkia mmoja, ile inayoitwa lisolipidi. Chukua seli nyekundu zenye afya na uziongezee lisolipidi kidogo tu: baada ya muda mfupi kila seli inaota miiba mifupi iliyopangika vizuri kuzunguka uso mzima. Ongeza zaidi, inapasuka. Bernhard Deuticke alieleza mwaka 1968 jinsi kemikali mbalimbali zinavyoweza kuisukuma seli kwenye miiba au kwenye bakuli, na jinsi zikioshwa seli inavyorudi kwenye duara lake. Mwaka 1974 Michael Sheetz na Jonathan Singer wakatoa sababu. Matabaka mawili yameshikamana, hayawezi kuachana. La nje likiongezewa eneo, hakuna njia isipokuwa kuchomoza, ndipo miiba inapotokea. La ndani likiongezewa, utando unabonyea na seli inakuwa bakuli. Mfano wao wa bakuli ulikuwa kloropromazini, dawa ya wagonjwa wa akili inayotumika hadi leo katika hospitali zetu. Ina chaji chanya, kwa hiyo inapenya na kwenda kutulia ndani, palipo na fosfatidilserini yenye chaji hasi.

Kinachonishangaza kila ninapolirudia suala hili ni udogo wa tofauti inayohitajika. Tabaka moja likizidi jingine kwa kama asilimia 1 ya eneo, umbo la seli nzima linabadilika.

Wataalamu wa maabara wanaijua miiba hiyo vizuri, pengine bila kuhusisha na mafuta. Damu imevutwa asubuhi ikawekwa kwenye chupa yenye kizibo cha zambarau, ikasubiri gari, ikasafiri kwenye joto kutoka zahanati hadi hospitali. Mchana inapopakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi, seli zinaonekana zimeota miiba midogo inayolingana, kingo nzima. Mtaalamu makini hamwandikii mgonjwa ugonjwa kwa sababu hiyo. Anajua ni kazi ya chupa na saa. Kilichotokea ni kwamba seli nyekundu haina mitokondria, inaishi kwa kuchoma glukosi iliyomo kwenye damu. Glukosi ikiisha kwenye chupa, nishati inakwisha. James Ferrell na Wray Huestis wa Stanford walionyesha mwaka 1984 kwamba nishati ikikatika, baadhi ya mafuta ya tabaka la ndani, jamii ya fosfoinositidi, yanavunjika. Tabaka la ndani linapungua eneo, la nje linabaki lilivyo, na miiba inachomoza. Hata kioo kitupu cha slaidi kinaweza kuileta, kwa kupandisha kiwango cha alikali kwenye unyevu uliobaki kati yake na seli.

Kazi ya kuweka kila aina ya mafuta mahali pake haina mapumziko. Mwaka 1984 huo huo, jijini Paris, Michel Seigneuret na Philippe Devaux waligundua kwamba seli nyekundu ina pampu inayokamata fosfatidilserini ikionekana nje na kuirudisha ndani, kwa gharama ya nishati. Kuna pia mlango ambao kalsiamu ikizidi ndani ya seli hufunguka na kuacha mafuta ya matabaka mawili yachanganyike. Pampu ikizimwa na mlango ukafunguliwa, fosfatidilserini inatokeza nje. Mwili unaitafsiri kama tangazo la kifo: seli za ulinzi zinaila seli hiyo, na damu iliyo karibu inaanza kuganda juu yake.

Sasa turudi kwa mtoto wa selimundu. Kila oksijeni inapopungua, nyuzi za himoglobini zinachoma utando kutoka ndani na kuutenga na wavu wake wa spektrini. Kalsiamu inaingia, maji yanatoka. Pale penye ncha, utando unajikata na kuachia vifuko vidogo vinavyokwenda na damu, kwa hiyo seli inapoteza ziada ile ya asilimia 40 niliyoitaja. Bertram Lubin na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba seli zilizopinda zina fosfatidilserini nje, mahali isipostahili kuwa. Sehemu ya uharibifu hurekebika oksijeni ikirudi. Sehemu nyingine hubaki, na inajumlishwa na ya mzunguko unaofuata, na mwingine, mpaka seli inakuwa yale maganda ya Lux ambayo hayanyooki hata yakiwa matupu. Seli hizo zinanata kwenye kuta za mishipa hata pale nyuzi zilipokwisha kuyeyuka. Mzazi anayeambiwa kwamba damu ya mwanawe "inaganda" hajadanganywa, ingawa maelezo yake yanaanzia kwenye mafuta yaliyogeuka upande.

Upo ushahidi wa upande wa pili pia, wa utando unaomwokoa mwenye nao, nao umetoka Kilifi. Baadhi ya watu wa pwani ya Kenya wana kundi la damu liitwalo Dantu, linalopunguza sana hatari ya malaria kali. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi na Cambridge, walieleza sababu katika jarida la Nature. Utando wa seli za Dantu umekazika kuliko wa kawaida, na ukikazika kupita kiwango fulani kimelea kinashindwa kuukunja ili kiingie. Kisa cha Dantu kinaanzia kwenye protini ya utando na si kwenye mafuta, lakini kimenipa hakika kwamba kuuliza utando una hali gani si anasa ya maabara za Ulaya. Kwetu ni swali la nani anaishi.

Kisha kuna chakula. Seli nyekundu haiwezi kujitengenezea mafuta upya. Yale iliyozaliwa nayo kwenye uboho, pamoja na yale inayobadilishana na damu inayoizunguka, yanatokana na alichokula mtu katika wiki na miezi iliyopita. Mikia ya fosfolipidi inaweza kuwa minyoofu, kama ya samli, inayojibana na kuwa migumu kukiwa na baridi, au yenye mikunjo, isiyoweza kujibana, kama ya mafuta ya mimea. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na mbegu zinazobaki pamba ikichambuliwa zinakamuliwa mafuta. Karibu nusu ya asidi za mafuta hayo ni linoleiki, ya jamii ya omega-6 yenye mikunjo miwili, na karibu robo ni palmitiki iliyonyooka. Omega-3 ni kidogo mno. Omega-6 na omega-3 zinagombea vimeng'enya vile vile mwilini, na ile iliyo nyingi ndiyo inayopata nafasi kwenye utando.

Omega-3 ndefu, hasa ile iitwayo DHA yenye mikunjo sita, kwa wingi wake inatoka kwenye samaki. Mwaka 2014 kundi la Bruno Antonny nchini Ufaransa lilionyesha kwamba tando zenye fosfolipidi za mikunjo mingi hupindika na kukatika kwa urahisi zaidi protini za seli zinapozivuta. Mikia hiyo inageuka-geuka haraka, na utando unaihitaji pale unapotakiwa kupinda sana, kama kwenye ncha za neva za ubongo. Ndiyo maana mtoto tumboni anaidai DHA kwa nguvu.

Na vipimo vya hilo vimefanyika hapa hapa Tanzania, Kanda ya Ziwa ikiwemo. Remko Kuipers na Martine Luxwolda wa Groningen, pamoja na wenzao Watanzania, walipima mafuta ya seli nyekundu za akina mama na watoto wao: Wamaasai wanaokula samaki kwa nadra, Wapare wanaokula kiasi, na wakazi wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba kutoka Mwanza, wanaokula samaki mara nyingi kwa wiki. Tofauti za DHA kwenye tando zilifuata samaki. Katika makala yao ya mwaka 2012 walionyesha pia mpaka muhimu. DHA ya mama ikiwa chini ya gramu 6 hivi katika kila gramu 100 za asidi za mafuta za seli nyekundu, mtoto anazaliwa akiwa na nyingi kuliko mama, yaani mimba inamnyima mama ili impe mtoto. Ikizidi hapo, mtoto hachukui zaidi ya anachohitaji. Sijaona utafiti wa lishe nchini uliowahi kusoma mlo wa kijiji moja kwa moja kwenye utando wa seli kwa uwazi namna hiyo.

Wagonjwa wa selimundu katika nchi kadhaa wamekutwa na omega-3 ndefu pungufu kwenye tando zao wakilinganishwa na wenzao wazima. Ahmed Daak na wenzake jijini Khartoum walilijaribu jambo hilo kwa vitendo. Wagonjwa 140 wenye umri wa miaka 2 hadi 24 waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa vidonge vya omega-3 na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopewa omega-3 walipata mashambulizi machache ya maumivu na walipungukiwa damu vikali mara chache zaidi.

Nisieleweke vibaya. Dagaa si tiba ya selimundu, na mzazi asimwachishe mtoto dawa kwa sababu amesoma makala hii. Haidroksiurea ndiyo iliyothibitishwa barani kwetu: jaribio lililoongozwa na Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake, lililochapishwa mwaka 2019, liliwahusisha watoto wa Kilifi, wa Mbale nchini Uganda, wa Kinshasa na wa Luanda, likaonyesha maumivu yakipungua, malaria ikipungua, na vifo vikipungua. Bugando nako wanaitumia kuwakinga watoto wa Kanda ya Ziwa dhidi ya kiharusi. Dawa hiyo inapandisha himoglobini ya kijusi inayozuia nyuzi kujisokota, kwa hiyo utando unapumzika kuchomwa. Penisilini ya kila siku kwa mdogo na foliki asidi vina nafasi yao.

Lakini naona ni upungufu mkubwa kwamba mtoto wa Dutwa anapopimwa, tunauliza tu himoglobini yake ni ya aina gani. Samaki wakavu wa ziwa wanafika magulio ya Bariadi, ila si kila nyumba inawamudu, na waliokaushwa juani siku nyingi wamepoteza sehemu ya mafuta hayo kwa kuoza kwa hewa. Nyumba moja inapikia mafuta ya pamba, nyingine samli, nyingine alizeti. Watoto wawili wenye jeni lile lile wanaweza kuwa na tando tofauti kabisa, na mmoja akalazwa mara nyingi kuliko mwenzake.

Kuupima utando si jambo la kutisha. Tone lile lile lililokaushwa kwenye karatasi, lililowezesha utafiti wa mwaka 2020, linatosha pia kusoma asidi za mafuta kwa mashine ya kromatografia ya gesi. Sharti ni moja: karatasi itiwe kwanza kemikali ya kuzuia mafuta yasioze kwa hewa, na ihifadhiwe mahali pa baridi, la sivyo DHA inaanza kupotea kabla tone halijafika maabara. Karatasi za namna hiyo zipo na zinatumika katika nchi nyingine. Wauguzi wa kliniki za watoto wa Simiyu wanajua tayari kumchoma mtoto kisigino na kujaza duara lililochorwa kwenye karatasi. Wamefanya hivyo miaka mingi kwa ajili ya VVU. Kinachohitajika ni duara la pili kando ya lile la kwanza.